Jumamosi Nyuma ya Shuka

Aliyeniletea habari kwamba Rabi Nahum amefariki ni Ari, mtu ambaye zamani hatukupendana. Aliendesha gari kutoka Houston mpaka kwangu Irving, saa nne nzima barabarani, akabisha hodi Jumapili mchana akiwa na mkoba begani na ndevu zilizoanza kuingia mvi. Nilimtambua kwa namna anavyosimama, bega moja chini. Nilimkaribisha, nikamtilia maji kwenye kikombe kipya cha plastiki ili asipate tabu ya kukataa vyombo vyangu, akatabasamu akasema, "Bado unakumbuka." Ningesahau vipi? Nilikaa mwaka mzima na zaidi katika nyumba ya Rabi nikijifunza sinki lipi la nyama na lipi la maziwa. Akaniambia mzee alizikwa wiki tatu zilizopita, huko kwa binti yake alikohamia, kisha akakizungusha kikombe mezani. Nilidhani amemaliza, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuniomba kitu. "Zuhura," akasema mwishowe, "lile daftari la dawa za Bibi Haya, unalo bado?"

Ninalo. Kila Jumamosi alasiri, mwaka ule, Rabi Nahum alikuwa akikusanya wanafunzi nyumbani kwake, wanakula, wanaimba, naye anazungumza nao. Hawa walikuwa Wayahudi wa madhehebu ya Wahasidi, na siku ya Sabato hawaandiki wala hawagusi chombo cha kurekodi. Kwa hiyo aliyoyasema mzee yalibaki vichwani mwa vijana, na vichwa vya vijana vina mambo mengi. Yaliyobaki kwenye karatasi ni yale niliyoyaandika mimi, Mwislamu wa Tanga niliyeajiriwa kumuuguza mkewe, Bibi Haya, kwa Kiswahili, pembeni ya saa za dawa na vipimo vya presha. Sasa wanafunzi wake wanataka kukusanya maneno yake. Ari alikuja Jumapili mbili. Nilisoma, nikatafsiri, akaandika. Alipoondoka mara ya pili nilishindwa kuinuka kwenye kiti. Haukuwa ugonjwa. Ni uchovu wa mwaka ule, nilidhani umekwisha, kumbe ulikuwa umekaa tu mahali unanisubiri.

Nilianza kazi kwao mwezi wa kumi mwaka 2017, wiki chache baada ya mafuriko. Mtaa wao uko kusini-magharibi mwa Houston, karibu na mfereji mkubwa ambao siku za kawaida huamini kama unaweza kumlowesha mtu magoti. Maji yaliingia ndani yakasimama usawa wa kiuno. Mafundi walikuwa wamekwisha kukata kuta zote kuanzia sakafuni mpaka kifuani ili ukungu usipande, na zikabaki mbao za ndani na nyaya za umeme. Sakafu ilikuwa saruji tupu. Nyumba nzima ilinuka dawa ya kuua ukungu na mbao mpya, na mashine za kukausha hewa ziliunguruma mchana kutwa. Kati ya sebule ya kulia chakula na chumba cha Bibi Haya palitundikwa shuka la maua ya njano, limebanwa kwa vibanio vya nguo. Ukisimama uliona ukuta. Ukikaa uliona shuka, na nyuma ya shuka ulisikia kila kitu.

Bibi Haya alipata kiharusi siku chache baada ya maji kupungua, akiwa anafuta picha za harusi za watoto wake. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yakaondoka yote. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini, mtu wa kusema kutwa. Sasa alikuwa na macho tu, na mkono wa kushoto wenye nguvu za ajabu. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni uhai. Siku ya kwanza nilipomwambia Rabi kwamba kwetu haya ni staha, na pia ndilo neno tunalosema tukikubali jambo, alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Akaenda kumwinamia mkewe. "Haya," akamwambia, "kumbe wewe ni uhai, na staha, na sawa." Bibi akamtazama muda mrefu, kisha akampiga kidogo kifuani kwa mkono ule mzima.

Ratiba yangu ya mwaka ule, siku hizi naitazama kama ya mtu mwingine ambaye namwonea huruma. Asubuhi nilikuwa darasani, najiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Mchana mpaka magharibi nilikuwa kwa Bibi Haya, na Jumamosi pia, toka adhuhuri mpaka jua linazama. Nilikuwa napanga chumba na Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi kwenye ghala la viatu, na mara nyingi tulionana mlangoni tu, mmoja anatoka mwingine anaingia. "Weye unachoka mubaya, ma chère," alikuwa akiniambia. "Macho yako iko nyekundu kila siku." Namjibu nitapumzika nikishafaulu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nane na niliamini kwamba uchovu ni kitu unachokiweka pembeni, halafu siku moja unakuja kukichukua na kukimaliza.

Wanafunzi walikuwa saba au wanane. Walikuja kwa miguu, kwa sababu Sabato hawaendeshi gari, wengine walilala kwa jirani tangu Ijumaa. Walikaa kwenye viti vya plastiki kuzunguka meza mbili za kukunja zilizofunikwa kitambaa cheupe. Palikuwa na mkate wa kusukwa, samaki wa kusagwa mwenye kipande cha karoti juu, saladi ya mayai, na masalio ya kile chungu cha maharage, shayiri na nyama kilichokaa motoni tangu Ijumaa kabla ya jua kuzama. Mara ya kwanza kunusa nilifikiri mtu amepika makande. Nyama yao nilikula, na Furaha alipojua aliniuliza kama nimebadili dini. Mkeka wangu wa kuswalia niliuweka chumba cha kufulia, na Rabi alikuwa akiwahimiza vijana wapunguze sauti nikiwa huko. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, ndevu nyeupe, koti jeusi lenye alama ya maji kwenye pindo ambayo dobi alishindwa kuitoa. Kabla ya kusema lolote alifumba macho, na muda huo ulikuwa mrefu kiasi kwamba mgeni angedhani amesinzia. Nafikiri mara nyingine alikuwa amesinzia kweli.

Vijana walikuja kutiwa moyo. Mmoja alisema waziwazi kwamba wiki nzima chuoni inammaliza, anakuja kwa Rabi kujaza tangi. Nilimsikia mzee akicheka upande wa pili wa shuka. "Basi umekosea kituo," akasema. "Mafuriko yaliingia kwenye pampu." Kisha akawasimulia vitabu vyake. Kitabu kitakatifu kikiharibika kwao hakitupwi, kinazikwa kama mtu. Alikuwa amezika vitabu vya maisha yake yote kwenye shimo moja, vizito kwa tope, vingine vya baba yake, vyenye mistari aliyopiga kwa penseli tangu ujana. "Nimejaribu kukumbuka nilipiga mistari wapi," akasema, "sikumbuki. Kwa hiyo tangu sasa nitawafundisha yale tu yaliyobaki ndani yangu, na nawaonya mapema kwamba ni machache." Hilo ndilo neno la kwanza nililoliandika. Nilikuwa nimeshika kalamu kuandika saa ya dawa ya presha, na mkono ukaendelea.

Alikuwa na tabia ya kuwauliza, mmoja mmoja, wiki hii wamempigia simu nani. Hakuuliza wamesoma nini. Kijana akianza kueleza jambo la ndani alilolielewa kuhusu roho, mzee anasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu anamuuliza, "Na shangazi yako yule wa goti, anaendeleaje?" Yule hajui. "Basi jua wiki hii, halafu Jumamosi ijayo turudi kwenye roho." Nyuma ya shuka, mimi ninayemgeuza Bibi Haya ubavu ili asipate vidonda, nilikuwa natikisa kichwa kukubali, kana kwamba nami nimo mezani. Bibi aliniona nikifanya hivyo, na kona ya kushoto ya mdomo wake ilipanda.

Ari alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mgeni katika kushika dini, na alishika kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka. Jumamosi moja shuka lilipeperuka akaniona naandika. Nilimsikia akimwambia Rabi, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini vya kutosha, "Yule mwanamke anaandika unayosema. Anayaandika ya nini?" Rabi akaja, akasimama upande wa pili wa shuka bila kulifungua. "Bi Zuhura," akasema, "unaandika nini?"

"Saa za dawa, Rabi," nikasema. "Na mara nyingine neno moja mawili uliyosema. Kama hutaki, nitaacha."

Alifikiri. "Leo siwezi kukuambia uandike," akasema, "sheria hainiruhusu. Na kukuambia usiandike siwezi, maana daftari ni lako." Akarudi kukaa. Tangu siku ile Ari akawa anakaa kiti cha mbali kabisa na shuka, na akija jikoni kuchukua kitu alikuwa ananipita kama stuli.

Mwezi wa kwanza mwaka 2018, siku ya baridi kali kwa kipimo cha Houston, walikuwa wanaimba moja ya zile nyimbo zao zisizo na maneno, sauti tupu inayozunguka na kurudi. Nilikuwa namlisha Bibi Haya uji kwa kijiko. Akausukuma mkono wangu. Nikadhani uji umemchoma. Kisha nikasikia sauti kutoka kwake, nyembamba, ya kukwaruza, lakini imefuata wimbo sawasawa, inapanda unapopanda, inashuka unaposhuka. Alikuwa hajatoa sauti yenye maana tangu kiharusi. Niliweka bakuli chini. Upande wa pili waimbaji walipungua, mmoja mmoja, mpaka ikabaki sauti yake peke yake. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Kwao mwanamume hasikilizi mwanamke asiye wake akiimba, na Ari alikuwa amesimama ili atoke. "Samahani, Rabi," akasema. Bibi Haya alisikia kiti kile. Alifunga mdomo, na uso wake ukawa wa mtu aliyekutwa anaiba.

Rabi hakukasirika. "Ari," akasema, "una haki. Sheria ni sheria, na mke wangu aliifundisha kabla hujazaliwa. Lakini ziko njia mbili za kutosikia sauti. Moja ni kutoka nje. Nyingine ni kuimba kwa nguvu mpaka usimsikie. Ukitoka nje, atanyamaza. Ninyi wote, imbeni kwa nguvu." Wakaanza, kwa aibu, kisha wakapandisha, wanapiga meza kwa viganja, mbao za ukuta zinatetemeka. Katika kelele ile Bibi Haya alifungua mdomo tena akaimba, na mtu pekee aliyemsikia katika nyumba ile nilikuwa mimi. Kuhusu Ari, mlango wa nje ulifunguka ukafungwa. Alikuwa ameondoka.

Mwezi wa pili kaka yangu Shabani, aliyekuwa akifanya kazi uwanja wa ndege huku Dallas, jirani na Irving, alinipigia kuniambia figo za mama zimechoka. Alisema anakwenda Tanga mwezi wa tatu. "Twende wote, Zuhura." Nikamwambia mtihani wangu ni mwisho wa mwezi wa nne, nikienda sasa nimepoteza mwaka. "Nitakuja mwezi wa tano, kaka. Nikishafanya tu." Furaha aliposikia aliacha kufunga viatu vyake. "Ule bibi iko na watoto yake," akasema. "Weye mama yako njo ule tu." Nilimjibu kwamba haelewi. Rabi naye nilimweleza, nikiwa natoa takataka jikoni. "Nenda," akasema mara moja. "Sisi tutajipanga." Nikamwambia, "Nani atamgeuza Bibi Haya? Yule wa wakala aliyekuja siku ile alimuumiza bega." Aliangalia upande wa lile shuka. "Kweli," akasema, akachukua chai yake akaondoka. Na mimi, sitaki kudanganya, nilijisikia mtu wa maana. Kwa mama nilikuwa binti mmoja kati ya watoto watano. Katika nyumba ile nilijiona sina mbadala.

Mama nilizungumza naye kila siku ya pili. Sauti yake ilikuwa inapungua kama redio inayoishiwa betri, lakini swali la kwanza halikubadilika. "Umekula?" Nimekula, mama. "Mtihani lini?" Mwisho wa mwezi. "Haya, soma."

Alifariki Alhamisi, wiki mbili kabla ya mtihani. Shabani alipiga asubuhi, ninachemsha chai. Huko Tanga, alikokuwa tangu mwezi wa tatu, ilikuwa alasiri. "Tumeshamzika," akasema. Nilimuuliza alifariki saa ngapi, akaniambia saa tatu asubuhi ya kule, wakati mimi nimelala. "Sikutaka kukuamsha. Una kazi." Nilizima jiko. Nilikunywa ile chai. Kisha nikavaa sare nikaenda kazini, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Furaha alikuwa zamu, na ndugu na jamaa wote waliokuwa wanaandaa kisomo walikuwa huku Irving, saa nne za gari, na mikono yangu haikuweza kushika usukani muda huo wote.

Rabi alinifungulia mlango, akaniangalia. "Nini kimetokea?"

"Mama yangu amefariki. Wameshamzika."

"Lini?"

"Leo."

Alipokea mkoba wangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Unakaa na nani?" akauliza. Sikuelewa. "Nyumbani. Nani anakaa na wewe?" Nikamwambia hakuna. Alisimama na mkoba ule mkononi kama hajui pa kuuweka. Nikaenda kumwogesha Bibi Haya, nikambadilisha shuka, nikampa dawa, nikaandika saa. Bibi alijua. Alinishika kifundo cha mkono, na kila kazi ya siku ile niliifanya kwa mkono mmoja, kwa sababu hakuniachia. Jioni Rabi alinisindikiza mpaka kwenye gari. "Kesho na Jumamosi usije," akasema, "binti yangu amepanda ndege. Njoo Jumapili saa kumi. Uje kama mgeni."

Jumapili nilikuta wanafunzi wote. Shuka limeondolewa, na kiti cha magurudumu cha Bibi Haya kimeingizwa mpaka mezani, kupitia uwazi ambao bado haukuwa na mlango. Nilikalishwa karibu naye. Mezani palikuwa na mayai ya kuchemsha na dengu, chakula wanachompa mfiwa, na Ari ndiye aliyeniwekea sahani, bila kunitazama. Kisha wote wakakaa, na hakuna aliyesema neno. Dakika zikapita. Nilisikia friji, nilisikia pumzi za Bibi Haya. Nilianza kuona aibu, nikidhani wananiogopa, au hawajui dini yangu inaruhusu nini. Baadaye sana nilielezwa kwamba kwao anayekuja kutoa pole hafungui mdomo mpaka mfiwa aseme kwanza. Wakati ule sikujua. Nilikaa na kimya kile mpaka kikanishinda, nikasema, "Mama yangu alikuwa mkali."

Rabi akaitikia kwa kichwa. "Mkali namna gani?"

Nikaanza kwa Kiingereza. Nikawaambia alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, anakata uzi kwa meno, na ukivaa nguo imeinama upande anakuvua hapohapo hata kama wageni wapo. Nikawaambia swali lake la umekula. Halafu Kiingereza kikaniishia. Nikaendelea kwa Kiswahili na sikuweza kusimama. Nilisema mambo ambayo sikuwa nimemwambia Shabani: kwamba nilijua, kwamba niliisikia sauti inapungua na nikaamua kutosikia, kwamba nilimchagua mama wa watu kwa sababu kule nilionekana. Hakuna aliyeelewa neno. Hakuna aliyeangalia saa. Ari alinijazia kikombe mara mbili. Nilipokwisha, nikiwa nafuta uso kwa mtandio, Bibi Haya alianza ule wimbo, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, mezani, mbele ya wanaume wote. Nilimwangalia Ari. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akafumba macho, akaanza kuimba, kwa nguvu kuliko wote, vibaya, nje ya sauti kabisa, na wengine wakamfuata.

Mtihani nilifanya. Nikafeli. Nasema hivyo kwa ufupi kwa sababu hata tukio lenyewe lilikuwa fupi: barua moja kwenye kompyuta, nikaisoma nikiwa nimesimama, nikaenda kazini. Mwezi wa sita mafundi walirudi wakaziba kuta, wakapaka rangi ya maziwa, wakaweka mlango wenye kitasa. Nyumba ikawa nzuri. Jumamosi nilibaki nasikia mvumo tu upande wa pili, ndiyo maana daftari linaishia mwezi huo. Bibi Haya alikuwa anaanza kuchoka kwa namna ile ambayo muuguzi anaijua kabla ya jamaa. Nami nilichoka pia. Niliamka nimechoka, nikala nimechoka. Mkusanyiko wa vijana uliendelea, lakini Rabi alikuwa anamaliza mapema, na mara moja nilipoingiza chai nilimkuta amewaambia kwamba leo hana kitu, na wote wamekaa kimya pamoja naye, hakuna aliyeondoka.

Mwezi wa tisa, kabla ya ile siku yao kubwa ya kufunga na kutubu, wana desturi ya kuwaendea watu na kuwaomba msamaha mmoja mmoja. Sikuijua. Nilikuwa naosha vikombe kwenye sinki la maziwa, mchana, Bibi amelala. Rabi akaja akasimama karibu na friji, kofia mkononi.

"Bi Zuhura, nimekuja kukuomba msamaha."

Nikacheka kidogo. "Wa nini, Rabi?"

"Mama yako alipougua nilikuambia nenda. Unakumbuka nilikuambia mara ngapi?"

Nikasema, "Mara moja."

"Mara moja," akasema. "Nimelifikiria jambo hili majira yote ya joto. Mtu anayetaka kweli mwenzake aende, humwambia mara ya pili, na ya tatu, na humnunulia tiketi. Mimi nilikuambia mara moja, ukasema nani atamgeuza Haya, na moyo wangu ukafurahi. Nilichukua chai yangu nikaenda zangu. Nilijua mama yako anakufa. Kila Jumamosi nawauliza wale vijana wamempigia simu nani, na jikoni kwangu kulikuwa na mtoto wa mtu."

Maji yalikuwa yanatiririka. Niliyafunga. Miezi mitano watu walikuwa wameniambia nisijilaumu, ilikuwa siku yake, Mungu amependa. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba kosa lilikuwepo, na kwamba sikuwa nalo peke yangu. Nilihisi hasira, mpya, ya moto, ambayo sikujua ninayo, juu ya mzee huyu niliyempenda.

"Nimekusamehe," nikasema, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu.

Akatikisa kichwa. "Usiharakishe. Si kweli bado, naona kwenye mikono yako. Sikuulizi tena, sheria inanitaka niombe, nimeomba. Siku ikiwa kweli, kama itakuwa, uniambie." Akavaa kofia yake, akatoka.

Bibi Haya alifariki mwezi wa kumi na moja, mchana, Rabi ameshika mkono ule wa kushoto. Wanawake wa kwao walikuja kumwosha, kazi hiyo ni yao peke yao, nami nilisubiri jikoni nikikunja taulo ambazo hazikuwa na kazi tena. Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Tanga. Nilikaa kaburini kwa mama muda mrefu na sikupata la kusema zaidi ya kwamba nimekula. Niliporudi nilihamia Irving kwa Shabani, nikafanya mtihani tena, nikafaulu, nikasoma kozi ya uuguzi ya mwaka mmoja. Rabi naye aliuza ile nyumba akaenda kwa binti yake. Kila sikukuu alikuwa anapiga simu kuuliza hali yangu. Jambo lile hakuligusa.

Halafu ukaja mwaka 2020, na nilikuwa muuguzi wa wodi. Sitaeleza ule mwaka, kila mtu anao wake. Nitasema tu kwamba kulikuwa na wanawake wa umri wa mama yangu waliokufa wameshika glovu yangu, huku watoto wao wako kwenye simu niliyowashikia sikioni, wengine mitaa miwili kutoka pale, hawaruhusiwi kuingia. Niliwasikia wakiwaomba mama zao msamaha kwa kutokuwepo. Asubuhi moja, Jumanne, nilitoka zamu nikakaa ndani ya gari kwenye maegesho, barakoa imenichora mistari usoni, jua limeshapanda. Sikuwa nimepanga. Nikapiga namba ya Rabi.

Aliitikia kwa sauti ya mtu aliyeamka kitambo. "Bi Zuhura. Uko salama?"

"Niko salama. Rabi, ule msamaha ulioniomba," nikasema. "Sasa ni kweli."

Nilimsikia akivuta pumzi, nikasikia kiti, kama mtu anayekaa chini taratibu. "Asante," akasema. Kisha baada ya muda, "Umechoka?"

"Nimechoka, Rabi. Nimechoka sana."

"Nasikia. Mimi pia," akasema. "Umekaa kwenye gari?"

"Ndiyo."

"Basi usiondoke bado. Mimi sina haraka. Tukae kidogo."

Nikaweka simu juu ya dashibodi, nikaegemeza kichwa. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, na magari ya watu wa zamu ya asubuhi yaliendelea kuingia moja baada ya jingine.